Dala, hela na hongo: bei zilizoganda ndani ya maneno

Wiki iliyopita shemeji yangu alituma ujumbe kwenye grupu la ukoo, ule wa kuanzia na "Je, wajua?" Ulidai kwamba neno Machinga linatokana na Kiingereza, "marching guys", yaani vijana wanaotembea kutwa kama wako kwenye gwaride, mzigo begani, tangu alfajiri mpaka jua linazama. Vidole gumba vikamiminika. Shangazi akaandika, "Kumbe! Elimu haina mwisho." Mimi niliandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Ukimsahihisha shemeji mbele ya ukoo mzima utaambiwa unaleta ligi.

Basi nayasemea hapa. Ukiangalia orodha ya majimbo ya uchaguzi ya Mkoa wa Lindi utakutana na jimbo linaloitwa Mchinga. Ni pwani, kaskazini ya Lindi mjini. Na Wamachinga ni watu, wana lugha yao na makaburi ya babu zao huko huko. Vijana wa Lindi na Mtwara walipofurika Dar es Salaam kuuza vitu vya mkononi, mji haukuwa na muda wa kuuliza nani Mmwera, nani Mmakonde, nani Mmachinga hasa. Ukawabatiza wote jina moja, kisha jina likahama kabila likawa kazi. Leo Msukuma wa Kwimba akisimama Kariakoo na mikanda kumi mkononi naye ni machinga. Mwingereza hakuhusika popote.

Sina ugomvi na shemeji. Hadithi yake ni tamu, inakaa mdomoni vizuri, na kosa lake ni la wengi: tunapotafuta asili ya neno la mtaani tunapenda tukute hekima, au mzungu, au kifupisho cha herufi. Uzoefu wangu ni kwamba mara nyingi zaidi utakuta bei. Mtu alikuwa anauza kitu, mwingine analipa, na kiasi kilicholipwa kikageuka jina.

Chukua daladala. Maelezo ya kawaida yanasema nauli ilikuwa shilingi tano, na wakati huo shilingi tano ilikuwa sawa na dola moja, ndiyo maana makonda wakawa wanaita "Dala! Dala!" Nusu ya kwanza naikubali. Mwaka 1983 shirika la usafiri la jiji, UDA, lilikuwa limeelemewa. Vipuri hakuna, mabasi machache, watu wananing'inia mlangoni kama popo. Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria, na nauli yao ilikuwa dala, yaani shilingi tano.

Nusu ya pili hesabu inaikataa. Shilingi ya Tanzania ilipozaliwa mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti kadhaa. Kufika 1983 ilikuwa imeshavuka 10. Tangu tuwe na shilingi yetu wenyewe hakuna siku dola iliuzwa kwa shilingi tano. Kwa hiyo jina la dala haliwezi kuwa limetoka kwenye bei ya dola ya miaka hiyo.

Turudi nyuma kidogo. Kuanzia 1940 hadi 1949 pauni moja ya Uingereza ilikuwa dola 4 na senti 3, na shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja ya ishirini ya pauni. Gawa shilingi 20 kwa 4.03 utapata shilingi 4 na senti 96. Tano kasoro senti nne! Kule London kwenyewe mtu wa mtaani sarafu ya shilingi tano aliiita dola, na ile ya shilingi mbili na nusu akaiita nusu dola. Ninavyoona mimi, dala ilikuja na pauni, haikuja na dola. Pauni iliposhushwa thamani mwaka 1949 kiwango kile kikafa, na jina likabaki mdomoni likisubiri kazi nyingine. Konda wa 1983 alikuwa anaita abiria wa Manzese na Buguruni kwa bei ya dola ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hakujua, wala kujua kusingemwongezea abiria.

Mtazame konda wa leo akifanya kazi. Noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, ndogo mbele, kubwa nyuma. Sarafu ziko kiganjani anazigonganisha, cha, cha, cha, hakuambii kitu. Mlio ule tu unajua zamu yako ya kulipa imefika, na abiria aliyejifanya amelala anaanza kupapasa mfuko. Nje, mpigadebe anapiga bodi la gari kwa kiganja. Debe lenyewe ni neno la Kihindi, bati la mafuta ya taa ambalo bibi zetu walichotea maji na kupimia mahindi. Siku hizi hata mgombea ubunge anapigiwa debe, na hakuna anayejiuliza debe liko wapi.

Kuna kitu kingine kwenye daladala ambacho watu wanakipita: neno limetajwa mara mbili. Likirudiwa hivyo ujue huenda lilizaliwa kwenye kelele za kituoni. Bodaboda ni ndugu yake. Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu kile kipande cha katikati, wakiita "Boda! Boda!", mpaka wa huku na mpaka wa kule. Leo Singida, katikati kabisa ya nchi, kijana anakaa kijiweni na pikipiki yake akisubiri abiria wa boda, na mpaka wa karibu uko mamia ya kilomita.

Wakenya nao kwenye matatu wameficha bei. Nauli ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, ambazo kwa Kikuyu ni mang'otore matatu. Sarufi inatoa ushahidi hapa. Kwa Kiswahili tunasema senti tatu, shilingi tatu, hatusemi senti matatu. Ile "ma" mwanzoni mwa matatu ni kivuli cha nomino ya wingi iliyotangulia na kisha kuanguka njiani. Nomino imetoweka, kivumishi kikabaki kinatembea peke yake barabarani, kina magurudumu manne na muziki mkubwa. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba magari hayo yafanye kazi bila leseni maalumu ya kubebea abiria, matatu likawa neno la nchi nzima, la Mluo na la Mkamba, wasiojali mang'otore ni nini.

Shuleni tulifundishwa kwamba maneno ya namna hii huitwa misimu. Huja na kupita kama masika na kiangazi, akasema mwalimu, tukaandika. Ukitazama vizuri utaona kinyume chake: mara nyingi kinachopita kwa msimu ni sarafu, na neno linaendelea kama halikusikia habari za msiba.

Hela ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Wajerumani walikuta pwani watu wanahesabu kwa rupia na pesa, za kutoka India, rupia moja pesa 64. Hesabu ya 64 iliwachosha. Mwaka 1904 wakabadilisha, rupia moja ikawa Heller 100, jina la sarafu ndogo ya kwao. Watu wakalikata mkia, likawa hela. Vita vilipowabana mwaka 1916, wamezingirwa na meli hazifiki, walitengeneza sarafu zao palepale Tabora, mpaka na ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Miezi kadhaa baadaye Tabora ikaangukia kwa Wabelgiji. Utawala ule kuanzia mwanzo hadi mwisho haukuzidi miaka 35, na Heller yenyewe ilidumu chini ya 20. Sasa muulize mtoto wa darasa la pili Kigoma au Masasi anataka nini dukani. "Baba, naomba hela."

Unaweza hata kuchora ramani kwa neno hili. Nenda Nairobi, utasikia pesa, utasikia chapaa na ganji. Hela wanaielewa, ila si ya mdomoni kwao, maana Mjerumani hakutawala huko. Geukia Bujumbura, ambako alitawala, na kwa Kirundi fedha ni amahera.

Nikiwa hapo, sumuni nayo iliwahi kunisumbua. Wenye umri wangu mnaikumbuka, senti hamsini yenye sungura upande mmoja na kichwa cha Mwalimu upande wa pili. Asili yake ni thumuni, Kiarabu cha moja ya nane. Nusu ya shilingi inakuwaje moja ya nane? Jibu ni kwamba si moja ya nane ya shilingi, ni ya reale, ile fedha nzito ya Maria Theresa iliyozagaa pwani kabla ya wakoloni. Reale ilihesabiwa kama rupia mbili hivi, na Waingereza walipoingia na shilingi zao mwanzoni mwa miaka ya 1920, rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi mbili. Reale ni shilingi nne. Gawa kwa nane.

Noti nazo hubatizwa, ila huko jina hufuata rangi au mtu. Elfu kumi yetu ni nyekundu, basi ni Msimbazi, kwa jezi ya Simba na mtaa wa klabu yake pale Kariakoo, na Kariakoo kwenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kenya, kwenye uchaguzi wa 1992, noti za shilingi mia tano zilimwagwa mitaani mpaka zikaitwa Jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo aliyeongoza kundi la vijana wa KANU, chama tawala cha wakati huo. Jina la utani lile lilieleza mambo mengi kuliko taarifa ya habari ya saa mbili.

Na pesa za uchaguzi zinanipeleka kwenye hongo.

Leo hongo ni tusi. Karne ya 19 ilikuwa kodi. Msafara ukitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulilazimika kukatiza Ugogo, nchi kavu yenye visima vya kuhesabu, na kila mtemi alikuwa na haki ya kutoza hongo kabla hujanywesha watu na kupita. Ililipwa kwa merikani, ile shuka ya pamba iliyopewa jina la nchi iliyotoka, kwa kaniki, kwa shanga na nyaya. Majadiliano yangeweza kuchukua siku nzima au zaidi, huku wapagazi wamekaa chini ya mibuyu wanasubiri. Msafiri wa kizungu Burton alilalamika, msafiri mwenzake Stanley aliyepita mwaka 1871 naye akalalamika sana, lakini hasira za mgeni zisitupoteze: jambo lilifanyika hadharani, mchana, mbele ya watu, na lilikuwa na malipo yake, yaani maji na usalama. Hata forodha ya leo haitoi zaidi ya hapo.

Wajerumani waliwanyang'anya watemi haki hiyo, wakaweka kodi zao wenyewe. Neno likabaki bila mwenyewe, limebeba maana ya "kitu unachompa mwenye mamlaka ili akupishe", na mamlaka yalipohamia mezani kwa karani, nalo likahamia huko. Kilichopotea ni mwanga wa mchana. Inanifurahisha, kwa namna ya uchungu, kwamba sheria yetu ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 ilipitishwa na Bunge linalokaa Dodoma, katikati kabisa ya Ugogo.

Hongo lilipokuwa neno la aibu, ilibidi yapatikane mengine laini. Kuna chai. Kuna kitu kidogo, ambacho mara nyingi si kidogo. Kuna kuzunguka mbuyu, na hili limenikaa kuliko mengine kwa sababu ni picha kamili: shina la mbuyu ni pana kiasi kwamba watu wawili wakisimama nyuma yake, aliye mbele haoni mkono wala kilichomo mkononi. Unakwenda upande huu mfuko umejaa, unatokea upande wa pili umepungua, na wote mnaendelea na safari.

Mwaka fulani nilifuatilia karatasi moja kwenye ofisi moja, nayo tuiache hivyo hivyo bila jina. Mara ya tatu kwenda, karani alinitazama kwa huruma ya kweli, kama daktari. "Mzee wangu, faili lako lipo, halijapotea. Ila limelala."

Nikasema, "Limelala?"

"Limelala. Sasa sijui tutaliamshaje."

Hakutaja pesa. Hakutaja hata chai. Angerekodiwa na kupelekwa mbele ya hakimu, angesomeka kama mtu mwenye masikitiko kuhusu usingizi wa makaratasi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini misemo ya rushwa haichakai: kila mmoja umetengenezwa ili msemaji aweze kuukana. Mtemi wa Ugogo hakuhitaji fumbo, alisema tu doti ngapi.

Serikali nayo iliwahi kujaribu mkono wake kwenye usanii huu. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura. Takrima ni neno zuri, lina harufu ya pilau na ubani. Mtaani halikuchukua muda kujulikana ni nini, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile. Neno halijapona tangu hapo. Ukimwambia mtu leo kwamba nimekuja na takrima yako, atatazama nyuma kwanza.

Mgombea wa takrima akishinda, mtaa husema "ameula". Tazama ile "u". Mtu aliyemaliza chakula tunasema amekula. Ameula ni jingine: kuna kitu kimeliwa, ni cha ngeli inayochukua "u", na hakitajwi. Ukitaka kujua ni nini, sikiliza msemo pacha wake, "ameula wa chuya". Chuya ni zile punje zenye maganda zinazobaki kwenye mchele usiopetwa vizuri, kwa hiyo kilichomo ndani ya "u" ni mchele, au wali kama umeshaiva. Aliyeteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ameula, mweupe na laini. Aliyepigania jimbo akauza nyumba na kura zisitoshe, ameula wa chuya. Sahani ileile, tofauti ni nani alipeta. Sijakutana na ripoti ya uchaguzi inayosema hivyo kwa silabi chache namna hii.

Nilikuwa nimefika hapa simu ikalia. Si shemeji safari hii, ni namba nisiyoijua. "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja tofauti." Kila mwenye simu Tanzania ameshaupata ujumbe huu, kiasi kwamba ni utani sasa. Rafiki akikudai sana unamjibu, "Ile hela tuma kwenye namba hii," na kwenye harusi MC akilisema ukumbi unacheka. Msemo umezaliwa mbele ya macho yetu na asili yake tunaijua wote, wizi wa meseji. Miaka hamsini ijayo simu za namna hii zitakuwa zimekufa, na nina hakika kuna mtu atasambaza maelezo kwamba ulitokana na Kilatini.

Nikausoma tena kabla ya kuufuta. Tapeli wa watu, yuko mahali na simu ya kitochi na laini ya jina la mtu mwingine, ananiomba Heller.